Mwakani Tutaona: Somo la Matumaini Kutoka kwa Mashabiki wa Timu Inayofungwa

Leo katika ukurasa wetu wa somo tunazungumzia matumaini.

Najua wengine mmeshaguna. Matumaini si mambo ya mahubiri na kadi za pole? Hapana bwana. Matumaini ni suala la afya. Mtu aliyekata tamaa huacha kula vizuri, huacha dawa, huacha shule, wengine huacha hata kuoga. Na yule mwenye matumaini yasiyo na msingi naye huumia, tena vibaya, kwa sababu kila anapoanguka anaanguka kutoka juu. Sasa utajuaje kuwa tumaini hili lina msingi na lile ni la kujidanganya tu?

Ili tujifunze vizuri tutawatembelea watu wenye uzoefu mkubwa wa kutumaini: mashabiki wa timu dhaifu za besiboli huko Marekani. Hawa kila mwaka wanafungwa, na kila mwaka wanasema, "Mwakani tutaona." Wewe unayeshangilia mpira wa miguu utawaelewa haraka sana.

KWANZA, MCHEZO WENYEWE

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Mmoja anarusha mpira, wa timu nyingine anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia. Akirudi salama, timu yake imepata pointi moja. Kwa kawaida hakuna sare. Timu zikilingana, mchezo unaendelea mpaka mmoja ashindwe, hata kama ni usiku wa manane. (Usidhani ni mambo ya mbali tu. Pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani.)

Ligi kuu ya Marekani ina timu 30. Kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba. Umesoma sawasawa: mia moja sitini na mbili. Ni karibu kila siku. Shabiki wa mpira wa miguu akifungwa Jumamosi ana wiki nzima ya kuuguza kidonda. Shabiki wa besiboli akifungwa leo, kesho tena yumo.

Kwa kuwa mechi ni nyingi hivyo, hata timu bora hupoteza kama 60, na hata timu mbovu hushinda kama 60. Wazee wa mchezo huo wana msemo kwamba kila timu itashinda mechi 54 na kila timu itafungwa mechi 54, kazi iko kwenye 54 zinazobaki. Ni msemo mzuri. Lakini mwaka 2024 ilitokea timu iliyoshindwa kuzifikisha hata zile 54 za bure.

MIKOSI YA CHICAGO

Chicago White Sox ni timu ya upande wa kusini wa jiji la Chicago. Si timu ya jana. Mwaka 2005 walichukua ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1917. Papa Leo wa 14, aliyezaliwa Chicago, ni shabiki wao, na picha za televisheni za fainali hizo za 2005 zinamwonyesha amekaa jukwaani, miaka 20 kabla hajawa Papa. Mwaka 2021 tu walimaliza wa kwanza katika kundi lao. Mashabiki walikuwa wanasubiri mazuri.

Badala yake yakaja ya 2023, mechi 101 walizofungwa. Halafu ndiyo ikaja 2024. Walishinda mechi 41, wakafungwa 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kufungwa mechi nyingi namna hiyo katika msimu mmoja. Rekodi ya zamani ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962, na wale angalau walikuwa na kisingizio: ndio kwanza timu ilikuwa imeanzishwa. Kati ya Julai 10 na Agosti 5, White Sox walifungwa mechi 21 mfululizo. Hebu fikiri unaamka asubuhi ya siku ya kumi na tisa na bado unavaa ile kofia.

Tarehe 8 Agosti kocha mkuu Pedro Grifol alifukuzwa, akiwa ameshinda mechi 28 na kupoteza 89. Akashika Grady Sizemore kwa muda. Naye akashinda 13, akafungwa 32. Yaani dereva alibadilishwa, gari likabaki lilelile.

Wiki ya mwisho ya Septemba ndiyo inayonifurahisha mimi. Timu ilirudi nyumbani ikiwa imeshafungwa 120. Bado moja tu iwe rekodi. Watu wakaja uwanjani, wengine wazi kabisa walitaka waione historia ikiandikwa mbele ya macho yao. Walipiga kelele wakimtaka tajiri mwenye timu aiuze. Na unajua kilichotokea? Siku ya kwanza timu ikatoka nyuma ikashinda 3 kwa 2. Siku ya pili ikashinda. Ya tatu ikashinda tena. Mechi tatu mfululizo mbele ya watu waliokuja kwenye mazishi!

Rekodi wakaiweka siku iliyofuata, Septemba 27, ugenini Detroit, walipofungwa 4 kwa 1. Uwanja mzima ulilipuka kwa furaha, lakini wala haikuwa kwa ajili ya kuwacheka wageni. Kwa ushindi ule Detroit Tigers walikuwa wamefuzu hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014.

Sasa shika hapo, maana ndipo somo linapoanza. Detroit hao hao, mwaka 2003, walishinda mechi 43 na kufungwa 119. Walihitaji kushinda mechi tano kati ya sita za mwisho ili wasiifikie ile 120 ya Mets, na wakazishinda. Kichekesho cha taifa. Miaka mitatu baadaye, 2006, walikuwa wanacheza World Series, yaani fainali ya ubingwa wa ligi kuu.

Kwa hiyo shabiki wa Chicago aliyetoka uwanjani usiku ule akisema "mwakani tutaona", alikuwa ana akili au alikuwa anajifariji?

"SISI TUMESHINDA, WAO WAMEFUNGWA"

Kabla hatujajibu, tumtazame kwanza shabiki mwenyewe. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ambao mpaka leo husomwa vyuoni. Katika vyuo vikuu saba vya Marekani walihesabu, kila Jumatatu, wanafunzi waliovaa nguo zenye jina la chuo chao. Timu ya chuo ikiwa imeshinda mwishoni mwa wiki, nguo zile zilikuwa nyingi zaidi. Halafu wakawapigia simu wanafunzi na kuwauliza mechi ilikwendaje. Palipo na ushindi, wengi zaidi walijibu, "Tumeshinda." Palipo na kipigo, ghafla timu ikawa ya watu wengine: "Wamefungwa."

Si unajiona hapo? Jisikilize wiki hii. Kujificha namna hiyo kuna faida yake, kunalinda heshima ya mtu mbele ya wenzake. Wamarekani wana hata desturi ya kuvaa mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa matundu mawili ya macho, pale timu yao inapozidi kuwaaibisha. Lakini angalia vizuri: aliyevaa mfuko kaficha uso, ila kaja uwanjani, tena kwa nauli na kiingilio chake. Kama angekuwa hajali kweli asingehitaji mfuko.

Mtu anayeendelea kusema "sisi" katika mwaka wa vipigo 121 anaumia kuliko wenzake. Huyu ndiye anayehitaji kujua kutofautisha matumaini, kwa sababu yeye hana pa kukimbilia.

CHUKUA KALAMU

Njia ya kwanza ni hesabu. Usiogope, ni za darasani tu.

Bill James ni Mmarekani aliyeanza kuandika juu ya besiboli akiwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha maharage ya makopo mjini Lawrence, jimbo la Kansas. Usiku mrefu, kazi hakuna, akawa anachambua takwimu. Aligundua kwamba ukitaka kujua timu ilikuwa nzuri kiasi gani, usiangalie tu mechi ilizoshinda. Angalia pointi ilizofunga na pointi ilizofungwa. Kushinda kwa pointi moja kuna bahati nyingi ndani yake. Pointi za msimu mzima haziwezi kuwa bahati tupu.

Kanuni yake ni hii. Chukua pointi ilizofunga timu, zizidishe kwa zenyewe. Chukua ilizofungwa, nazo zizidishe kwa zenyewe. Jumlisha majibu mawili. Gawanya jibu la kwanza kwa jumla hiyo. Unachopata ni sehemu ya mechi ambazo timu ile ilistahili kushinda.

Tuifanye ya Chicago 2024. Walifunga pointi 507, wakafungwa 813. Mraba wa 507 ni 257,049. Mraba wa 813 ni 660,969. Jumla ni 918,018. Gawanya 257,049 kwa 918,018, unapata 0.28. Zidisha kwa mechi 162: kama 45. Walishinda 41. Maana yake walikuwa na mkosi kidogo, mechi nne hivi, lakini hata bila mkosi walikuwa wabovu. Shabiki aliyesema "ni bahati mbaya tu" alijidanganya.

Sasa 2025. Kocha mpya, Will Venable. Walishinda 60 na kufungwa 102. Ukitazama juu juu utasema hawa bado ni walewale, mwaka wa tatu mfululizo wanapoteza zaidi ya mia. Lakini walifunga pointi 647 na kufungwa 742. Piga hesabu mwenyewe: utapata 0.43, yaani karibu mechi 70. Walistahili kama 70, wakapata 60! Mechi nyingi zilipotea kwa pointi moja tu. Katika ripoti ya matokeo walionekana wamesogea hatua, lakini katika hesabu ya pointi walikuwa wamesogea hatua mbili.

Hapo mwishoni mwa 2025 shabiki wa Chicago alikuwa na kitu cha kushika mkononi. Kijana wao Colson Montgomery, miaka 23, aliingia ligi kuu mwezi Julai mwaka huo na katika mechi 71 akapiga mipira 21 iliyovuka ukuta wa uwanja. Desemba, katika bahati nasibu ya kupanga zamu za kuchagua wachezaji chipukizi wa 2026, Chicago wakapata zamu ya kwanza. (Ligi ya Marekani huwapa timu dhaifu nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Mimi naona ni utaratibu wa haki, ingawa wapo wanaosema unazifanya timu zingine zisione aibu kufungwa.) Hizi zilikuwa sababu za kweli. Hazikuwa ahadi.

ALIYE CHINI SANA HUPANDA

Kuna jambo jingine, na hili wengi hulikosea. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton aliandika juu ya urefu wa wazazi na watoto wao. Aliona kwamba wazazi warefu mno kwa kawaida huzaa watoto warefu, lakini si warefu kama wao. Na wafupi mno huzaa watoto wafupi, lakini si wafupi kama wao. Mambo yakipita kiasi upande mmoja, yanayofuata huelekea kurudi karibu na wastani.

Chukua mfano wa mtihani. Mwanafunzi aliyepata alama za chini kuliko darasa zima, mara nyingi siku ile alikuwa na udhaifu wake pamoja na balaa juu yake: malaria, usingizi, maswali yaliyomkwepa. Mtihani ujao udhaifu unaweza kubaki, lakini balaa zote zile haziji tena pamoja. Kwa hiyo atapanda kidogo hata kama hajabadilisha kitu.

Timu iliyofungwa mechi 121 ni hivyo hivyo. Ili ufike huko lazima uwe mbovu, na uwe na mkosi, na wachezaji waumie, vyote kwa pamoja. Mwaka unaofuata ni vigumu sana kufungwa 121 tena. Shabiki anayesema "mwakani tutakuwa afadhali" ana haki kabisa kusema hivyo.

Lakini tahadhari! Afadhali na nzuri ni vitu viwili. Na ukibadilisha kocha pale chini kabisa, kila mtu atasema kocha mpya kafanya miujiza, hata kama ni wastani tu unaita watu wake nyumbani. Ndivyo wanavyofaidi waganga matapeli. Mgonjwa huenda kwao siku aliyozidiwa mno. Kesho yake, kama ni ugonjwa wa kupita, anapata nafuu kidogo, na sifa inakwenda kwenye dawa ya mizizi.

Zipo timu zilizopanda haraka. Texas Rangers walifungwa 94 mwaka 2022, mwaka uliofuata wakawa mabingwa. Baltimore Orioles walifungwa 110 mwaka 2021, na 2023 wakashinda 101. (Kufika 2025 Baltimore walikuwa wameshashuka tena, wameshinda 75 tu. Kupanda nako hakuna kibali cha kudumu.)

Na zipo ambazo hazikupanda.

MTOTO WA PITTSBURGH

Oktoba 14, 1992, Pittsburgh Pirates walikuwa wanaongoza 2 kwa 0 dhidi ya Atlanta, wakiwa wamebakiza sehemu ya mwisho ya mchezo kufika World Series. Wakafungwa 3 kwa 2, kwa mpira wa mwisho kabisa. Mashabiki wakalia, wakasema: mwakani.

Mwakani haikuja. Kuanzia 1993 hadi 2012, misimu 20 mfululizo, Pittsburgh walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Mtoto aliyezaliwa mjini pale wiki ile ya machozi alijifunza kutembea, akaanza shule, akabalehe, akamaliza sekondari, akapiga kura yake ya kwanza, hajawahi kuona timu ya nyumbani ikiwa na mwaka mzuri hata mmoja. Kila Februari, wachezaji wakianza mazoezi kwenye jua la Florida, baba yake alimwambia safari hii mambo yatakuwa mazuri.

Mwaka 2013 timu ikashinda mechi 94. Oktoba 1 walicheza mechi ya mtoano nyumbani dhidi ya Cincinnati, watu wamevaa nyeusi uwanja mzima. Mrushaji wa Cincinnati aliitwa Johnny Cueto. Mashabiki wakaanza kuliimba jina lake, taratibu, kwa kuvuta, kama watoto wanavyomzomea mwenzao: "Kueeeto, Kueeeto." Cueto akaudondosha mpira chini. Kelele zikaongezeka. Mpira uliofuata Russell Martin akaupiga ukavuka ukuta. Pittsburgh wakashinda 6 kwa 2.

Je, ni kelele zilizomwangusha Cueto? Hakuna anayeweza kuthibitisha. Mipira hudondoka hata kwenye uwanja mtupu. Ila jaribu kumwambia hivyo yule mtoto wa Pittsburgh, sasa kijana wa karibu miaka 21, aliyekuwa jukwaani sauti imemkauka!

UNATAKA NINI, KWA NJIA IPI, KWA NGUVU ZA NANI?

Turudi kwenye afya. Charles Snyder alikuwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambacho kipo Lawrence, mji uleule wa Bill James. Mji mdogo, lakini naona una hewa nzuri ya kufikiri. Snyder alitumia miaka mingi kuchunguza matumaini, na alisema matumaini ya kweli yana mambo matatu. Uwe na lengo. Uone njia ya kufika, na ikiwezekana njia ya pili kama ya kwanza ikizibwa. Na ujisikie una nguvu ya kuanza na kuendelea kuipita njia hiyo.

Sasa mpime shabiki kwa kipimo hicho. Lengo analo: ubingwa. Njia anaweza kuiona, kama tulivyofanya na hesabu zetu. Lakini nguvu? Hakuna. Yeye harushi mpira, hasajili mchezaji, hamwajiri kocha. Matumaini yake yana macho lakini hayana mikono.

Nani anabisha awaulize watu wa Brooklyn, New York. Timu yao ya Dodgers ilifungwa kwenye World Series na Yankees mwaka 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953. Jirani yuleyule, mara tano! "Ngoja mwakani" ikawa kama salamu ya mtaa. Oktoba 4, 1955, hatimaye wakawafunga Yankees 2 kwa 0, mrushaji akiwa Johnny Podres, kijana aliyetimiza miaka 23 siku nne tu kabla. Brooklyn haikulala. Miaka miwili baadaye mwenye timu akaihamishia Los Angeles. Mechi ya mwisho nyumbani, Septemba 24, 1957, ilitazamwa na watu wasiozidi elfu saba, na mwaka 1960 uwanja ukabomolewa. Watu walisubiri mwakani kwa miaka yote ile, halafu mtu mmoja kwa sahihi yake akaiondoa mwakani yenyewe. Hakuna shabiki aliyeulizwa.

Kwa hiyo tumaini la timu lina nafasi yake, na nafasi hiyo si ndogo. Linakupa watu wa kukaa nao, hadithi ya kusimulia, sababu ya kupiga simu kwa kaka mliyenuniana. Lakini haliwezi kubebeshwa mzigo wa tumaini la maisha yako. Kijana ambaye ameacha kuomba kazi, anangoja Jumamosi timu ishinde ndipo ajisikie mtu, huyo ameweka matumaini yote pale ambapo hana mikono. Mtihani unaoweza kuusomea, kipimo unachoweza kwenda kupima, ugomvi unaoweza kuusuluhisha, huko mikono unayo.

PESA IKIINGIA

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapoumia. Kuna mtu atakuja na kukuambia: unaipenda timu, unaijua timu, basi tumaini lako liweke pesa. Kwa maneno mengine, anakuuzia mikono.

Marekani kwa muda mrefu ilizuia kamari ya michezo katika majimbo mengi. Mei 2018 Mahakama Kuu ya nchi ile ilifuta sheria iliyokuwa inazuia, na tangu hapo majimbo mengi yameruhusu. Matangazo yako kila mahali, hata katikati ya mechi. Juni 2024 ligi kuu ya besiboli ilimfungia maisha mchezaji Tucupita Marcano kwa sababu alicheza kamari kwenye besiboli, zikiwemo mechi za timu yake mwenyewe wakati ule, Pittsburgh, alipokuwa majeruhi. Aliweka kamari 231 kwenye mechi za ligi kuu. Unajua alishinda ngapi? Asilimia 4.3 tu!

Soma tena. Huyu alikuwa mchezaji wa ligi yenyewe. Akashinda asilimia 4.3. Wewe unayesoma matokeo kwenye simu una siri gani ambayo Marcano hakuwa nayo?

Dalili za kujichunguza unazo mwenyewe: unaficha kiasi ulichoweka, unacheza tena ili kurudisha kilichopotea, umekopa, umetumia ada au hela ya chakula, husinzii mpaka mechi ya usiku iishe. Hata moja ikikugusa, mweleze mtu mzima unayemwamini leo hii, au mnasihi, au nesi wa vijana pale kliniki. Hawatakucheka. Tatizo hili wanalijua.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni wanne au watano. Kila mmoja aseme jambo moja analolitumainia mwakani. Wenzake wamuulize: njia ni ipi? Njia ya pili je? Na mikono ni ya nani? Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kisha jadilini: baba wa Pittsburgh aliyemwambia mwanawe kila Februari "safari hii mambo yatakuwa mazuri", kwa miaka 20, alimfanyia mtoto wema au ubaya? Katika vikundi vyetu swali hili huzua ubishi, waacheni watu wabishane.

Mwisho pigeni hesabu. Detroit mwaka 2003 walifunga pointi 591 na kufungwa 928, katika mechi 162. Walistahili kushinda ngapi, na je, shabiki wao alikuwa na haki ya kulalamikia bahati?

(Jibu: kama 47. Walishinda 43.)